Gadi ana uchu wa kushuti, timu inataka pasi: tafuta tatizo lilipo kabla hujamkalisha benchi

Kwenye mpira wa kikapu, malalamiko juu ya gadi, mchezaji wa nje anayeshika mpira mbali na kikapu, huja kwa sentensi moja: "Kocha, dogo yule mchoyo." Yanatoka kwa wenzake, kwa kocha msaidizi, wakati mwingine kwa mzazi aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja akihesabu mashuti kwa vidole. Na dawa inayotolewa ni ileile kila mahali. Anakalishwa benchi robo nzima, anaambiwa "cheza na wenzako", anarudi uwanjani, anatoa pasi tatu za hasira, ya nne anashuti akiwa na walinzi wawili usoni.

Dawa hiyo nimeitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na haijawahi kunisaidia. "Mchoyo" ni jina la dalili tu. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jino. Gadi anayewaza kufunga kabla ya kupasi anaweza kukaa vizuri kabisa kwenye timu inayozungusha mpira, na wapo waliofanya hivyo hadi ubingwa. Ukinibana niseme ni nini hasa kinachowakwamisha wale wanaoshindwa, nitataja muda wanaokaa na mpira kabla ya kuamua. Idadi ya mashuti nitaiweka mbali kidogo kwenye orodha.

Kwanza pima, na upime kitu sahihi

Tarehe 5 Desemba 2016 Klay Thompson wa Golden State Warriors aliifunga Indiana Pacers pointi 60. Alicheza dakika 29, robo ya mwisho hakuingia kabisa, na alishuti mara 33. Kwa hesabu ya yule mzazi wa kivulini, huyo ni mchoyo wa kufukuzwa timu. Lakini usiku ule Thompson alidunda mpira mara 11 tu, na muda wote mpira ulipokuwa mikononi mwake, ukiujumlisha, ulikuwa kama sekunde 90. Mpira ulimfikia, ukaondoka. Wenzake hawakusimama kumsubiri amalize maonyesho, maana maonyesho yenyewe yalikuwa yanatokana na mbio zao, skrini zao (kusimama njiani kumzuia mlinzi ili mwenzao abaki wazi) na pasi zao.

Kwa hiyo chukua daftari. Kila gadi wako anapopokea mpira upande wa kushambulia, andika vitu vitatu: amedunda mara ngapi kabla ya kufanya chochote, amefanya nini, na nani alikuwa wazi wakati anaamua. Kama shuti limeingia au halikuingia, liandike mwisho kabisa, tena kwa kalamu ya rangi nyingine. Nasema hivi kwa sababu jicho la kocha husamehe haraka: shuti la kipuuzi likiingia tunapiga makofi, shuti zuri likigonga chuma tunashika kichwa. Kama una mtu wa kurekodi kwa simu, tazama video ikiwa imezimwa sauti. Kelele za jukwaani zinadanganya.

Baada ya michezo mitatu, tenganisha mashuti yaliyopigwa bila kudunda au kwa kudunda mara moja au mbili, na yale yaliyokuja baada ya kudunda mara tano na kuendelea. Mara nyingi utakuta una wachezaji wawili ndani ya fulana moja. Wa kwanza anapokea na kuachia, na ni mzuri. Wa pili anadunda, anazungushwa, anarudi nyuma, anaruka kando, anashuti akianguka. Unataka kumfukuza wa pili bila kumgusa wa kwanza.

"Anadunda sekunde nane, wenzake wamesimama kama wanasubiri daladala"

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na mtuhumiwa wa kwanza ni wewe kocha.

Niliwahi kumtoa gadi wangu katikati ya robo ya pili, nikamkalisha kando yangu na kuanza kumhubiria. Alinisikiliza kwa adabu, akijifuta jasho kwa ncha ya fulana. Nilipomaliza akauliza, bila jeuri yoyote: "Sawa kocha, lakini nimpe nani?" Nikageukia uwanjani ili nimwonyeshe kwa kidole. Wawili walikuwa kona moja, wamebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Mwingine alikuwa nyuma ya mgongo wa mlinzi wake, mkono juu, anaomba mpira mahali ambapo pasi haiwezi kufika. Senta alikuwa chini ya kikapu, mgongo kaupa mpira. Kidole changu kikabaki hewani.

Kijana yule alikuwa anashuti kwa sababu shuti ndilo lililokuwa wazi kuliko vyote. Hapo usimtupie methali ya kidole kimoja na chawa. Ameisikia tangu darasa la pili. Chukua chaki, nenda mazoezini, chora alama tano kwenye sakafu: kona mbili, pembe mbili nje ya mstari wa pointi tatu, na moja juu katikati. Sheria mbili zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Anayepasi hasimami: anakata kuelekea kikapuni, na asipopewa anatokea kwenye kona iliyo tupu. Wengine wanajaza alama aliyoiacha. Ukishafika hapo, swali la "nimpe nani" linajijibu, kwa kuwa kila baada ya sekunde mbili kuna mtu anapita mbele ya macho yake akielekea kikapuni.

Usidhani ni tatizo la viwanja vya mtaani tu. Msimu wa 2013-14 Golden State Warriors hao hao walimaliza wa mwisho katika NBA nzima, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa idadi ya pasi kwa mchezo. Kocha Steve Kerr alipoichukua timu mwaka 2014 aliweka lengo la pasi 300 kwa mchezo. Alikuwa na magadi wawili wenye uchu wa kushuti kuliko karibu kila mtu kwenye ligi, Stephen Curry na Thompson, na hakumkataza hata mmoja. Alichobadilisha ni kile walichokuwa wakifanya wakiwa hawana mpira. Curry akitoa pasi, badala ya kupumzika ndipo anapoanza kukimbia, anapita nyuma ya skrini mbili, anarudishiwa, anaachia. Msimu huo walishinda michezo 67, Curry akawa MVP (mchezaji bora wa msimu), wakachukua ubingwa.

Mtuhumiwa wa pili ni namba uliyompa. Gadi wa kufunga ukimpa kazi ya kuleta mpira kutoka nyuma, kila shambulizi linaanza mkononi mwake, na mtu mwenye njaa umemkabidhi sufuria na mwiko. Allen Iverson aliingia NBA mwaka 1996 akiwa namba 1 ya drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya), akachezeshwa pointi gadi, yule wa kuleta mpira. Larry Brown, aliyekuja kuifundisha Philadelphia 76ers mwaka 1997, alimhamisha kuwa gadi wa kufunga, kazi ya kuleta mpira akampa Eric Snow. Watu wanaikumbuka hatua hiyo kama zawadi kwa Iverson, lakini ilikuwa na faida nyingine ambayo kocha wa mtaani asiipuuze. Iverson ana kama sentimita 183. Snow alikuwa mrefu zaidi na mlinzi mgumu, kwa hiyo aliweza kumchukua gadi mkubwa wa wapinzani huku Iverson akimlinda mdogo. Mabadiliko ya namba yaliponya upande wa kushambulia bila kuvunja ulinzi.

Devin Booker ni mfano wa karibu zaidi na enzi zetu. Tarehe 24 Machi 2017, akiwa na miaka 20, alifunga pointi 70 ugenini Boston, na Phoenix Suns walifungwa 130 kwa 120. Dakika za mwisho Suns walikuwa wakichukua taimauti (mapumziko mafupi) na kufanya faulo za makusudi ili apate mpira zaidi, wakati mchezo wenyewe ulikuwa umeshakwenda. Timu ile ilimaliza msimu na ushindi 24. Miaka iliyofuata Booker alijikuta analeta mpira mwenyewe kwa sababu hapakuwa na pointi gadi wa maana, na kila mtu alikuwa na maoni: anafunga pointi tupu, hajui kushinda. Kisha akaja kocha Monty Williams mwaka 2019, akaja Ricky Rubio wa kuleta mpira, na mwaka uliofuata Chris Paul. Williams alileta kanuni ya nusu sekunde: mpira ukikufikia, ndani ya nusu sekunde uwe umeamua, shuti, pasi au kuingia ndani. Kushika mpira na kuutingisha ukimtazama mlinzi hakumo. Booker hakugeuka mtu wa pasi. Msimu wa 2020-21 bado alifunga zaidi ya pointi 25 kwa mchezo. Timu ikashinda michezo 51 kati ya 72 na kufika fainali.

Kwenye timu yako, Rubio wako huwa ni yule anayefika mazoezini wa kwanza na hakuna anayekumbuka ameondoka saa ngapi. Hashuti vizuri. Ila hapotezi mpira, na akiwa na mpira uso wake uko juu. Mpe kazi hiyo na utazame gadi wako anapokea mpira wapi: kama anaupokea pembeni, tayari anatazama kikapu, tatizo la sekunde nane linapungua hata kabla hujasema neno.

Zoezi ninalolitumia linaitwa na vijana "mbili tu". Wanne kwa wanne, nusu uwanja, kila mchezaji akishika mpira ana ruhusa ya kudunda mara mbili, ya tatu mpira ni wa wapinzani. Kushuti kunaruhusiwa wakati wowote. Siku ya kwanza ni vurugu na kelele. Gadi mwenye uchu atalalamika kuliko wote, na ndani ya wiki mbili atakuwa anafunga kuliko wote, kwa sababu anagundua kwamba akipasi na kukata anarudishiwa mpira akiwa karibu na kikapu kuliko pale alipokuwa. Acha agundue mwenyewe.

"Anamwona mwenzake yuko wazi, hampi"

Daftari litakuonyesha. Safu ya tatu ina jina lilelile kila mara, na macho ya gadi kwenye video yanapita pale pale, kisha yanarudi kwenye kikapu. Kuna mambo mawili tofauti hapa, na yanatibiwa tofauti.

La kwanza ni kutoamini. Amempa mara tatu, mpira umepita katikati ya mikono kama maji. Hakuna hotuba itakayomfanya ampe mara ya nne. Michael Jordan aliongoza ligi kwa pointi 37.1 kwa mchezo msimu wa 1986-87, na ubingwa wa kwanza alikuja kuupata mwaka 1991. Kocha wake Phil Jackson na msaidizi Tex Winter walikuwa wameleta mfumo wa pembetatu, ambao kwa lugha nyepesi unamlazimisha mfungaji kuupitisha mpira kwa wengine na kuungojea umrudie. Jordan aliupinga kwanza; aliona wenzake watapoteza. Katika mchezo wa 5 wa fainali dhidi ya Lakers, walinzi walipokuwa wanamfuata kwa makundi, Jackson alimuuliza kwenye taimauti ni nani aliyekuwa wazi. Jibu lilikuwa John Paxson. Basi mpe. Paxson alimaliza na pointi 20, nusu yake katika dakika za mwisho kabisa, na Chicago Bulls wakawa mabingwa. Katika mfululizo ule Jordan alitoa wastani wa asisti 11.4 kwa mchezo, yaani pasi zinazozaa kikapu.

Ukisimulia kisa hicho kwa vijana watatikisa kichwa na kusahau. Kinachosaidia ni hiki: swali la Jackson lilikuwa na jibu la mtu mmoja. Usimwambie gadi "waamini wenzako". Wenzake ni wanne, na mmoja wao kweli hawezi kudaka. Chagua mmoja anayeshuti vizuri akiwa amesimama, wafanyishe mazoezi wawili hao pamoja kila siku robo saa: mmoja anaingia ndani kwa kasi, anatoa kona, mwingine anaachia. Mashuti hamsini. Ahesabu mwenyewe ngapi zimeingia. Namba aliyoihesabu kwa mdomo wake ina nguvu kuliko mahubiri yako. Wa pili utamwongeza mwezi ujao.

La pili ni aibu ya ufundi, na makocha wengi tunaipita bila kuiona. Kuna magadi hawatoi pasi kwa sababu hawajui kuitoa. Anapasi vizuri kwa mikono miwili kutoka kifuani akiwa amesimama. Akiwa mbioni, mpira uko mkono wa kushoto, mwenzake yuko kona ya kushoto, hana namna ya kuufikisha bila kusimama na kuushika kwa mikono miwili, na akisimama mlango umefungwa. Shuti anaijua. Basi anashuti. Kulipima hili ni rahisi: kabla ya mazoezi mwambie apige pasi ya mkono mmoja kutoka kwenye mdundo, kushoto na kulia, akilenga alama ukutani. Ukiona mkono wa kushoto unatoa mpira kama unatupa takataka, umepata jibu, na miezi uliyotumia kumwita mchoyo umemwonea.

"Anashuti mapema, saa bado ina sekunde 18"

Hili ni dogo. Saa ni ile inayohesabu sekunde za shambulizi. Shuti la mapema si kosa kama ni leiapu (shuti la mbioni karibu na kikapu) au kama yuko peke yake kwenye doa lake. Kosa ni shuti la mbali kidogo ndani ya mstari, la kudunda na kuruka, wakati timu haijamgusa mlinzi hata mmoja. Mfanyie hesabu ya duka: shuti la pointi 2 linaloingia mara 4 kwa 10 linaleta pointi 8. La pointi 3 linaloingia mara 3 kwa 10 linaleta 9. Leiapu inayoingia mara 6 kwa 10 inaleta 12. Vijana wanaelewa bei. Mwambie shuti la 8 lipo tu saa inapoelekea kuisha, hakuna atakayelinunua kabla yako, kwa nini ulikimbilie asubuhi?

"Anafunga 30, tunafungwa"

Hapa usikimbilie hukumu, maana dalili hii ina sura mbili zinazofanana kabisa kwa nje.

Msimu wa 2000-01 Iverson alifunga wastani wa pointi 31.1 akishuti zaidi ya mara 25 kwa mchezo, na asilimia 42 tu ndizo zilizoingia. Kwa karatasi ni mchoyo asiye na shabaha. Philadelphia walishinda michezo 56, yeye akawa MVP, Brown kocha bora, Aaron McKie mchezaji bora wa akiba, na Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyejiunga nao katikati ya msimu, mlinzi bora wa mwaka. Mchezo wa kwanza wa fainali Iverson aliwafunga Lakers pointi 48 kwa mashuti 41, wakashinda ndani ya dakika za nyongeza. Ndio mchezo pekee ambao Lakers walipoteza katika mtoano wote ule. Minne iliyofuata walishinda wao.

Ilifanya kazi kwa sababu Brown alijenga timu nzima kuzunguka ugonjwa. Waliobaki walikuwa walinzi wagumu na watu wa ribaundi (kuokota mipira iliyokosa kikapu), ambao hawakuhitaji mpira ili wafurahi. Shuti la Iverson likigonga chuma, Mutombo au Tyrone Hill alikuwa pale kuliokota. Nasema wazi: hiyo ni tiba halali, nayo ina dari. Ukikutana na timu yenye vipaji zaidi, huna mlango wa pili.

Sasa tazama upande wa pili. Denver Nuggets walimchukua Iverson Desemba 2006, wakamweka pamoja na Carmelo Anthony, mfungaji mwingine mkubwa. Pointi zilikuwepo. Msimu wa 2007-08 walishinda michezo 50 na kutolewa raundi ya kwanza bila kushinda hata mmoja. Mwanzoni mwa msimu uliofuata walimpeleka Detroit na kumpata Chauncey Billups, gadi anayeanza na mpangilio. Denver wakashinda 54 na kufika fainali ya kanda ya Magharibi. Detroit, waliokuwa wameshinda 59 mwaka uliotangulia, wakashuka hadi 39. Mtu yuleyule, mashuti yaleyale, ila waliomzunguka Denver walikuwa nao wanahitaji mpira.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: wale wanne wengine wanakula nini? Kama wanakula ulinzi na ribaundi, mwachie mfungaji wako kamba ndefu. Kama kuna mfungaji wa pili, kaa nao wote wawili chini na mgawane nani anaanzisha shambulizi robo ipi. Kipimo chake ni penseli tu: andika matokeo yalivyokuwa alipoingia na yalivyokuwa alipotoka. Ukiona timu inaongoza akiwa ndani, hata kama anashuti kama kichaa, punguza maneno.

Na ujue ugonjwa hurudi. Booker yuleyule aliyepona, fainali ya 2021 dhidi ya Milwaukee Bucks alifunga 42 mchezo wa 4 na 40 mchezo wa 5. Phoenix walipoteza yote miwili, wakapoteza na ubingwa. Sidhani alikuwa amesahau alichofundishwa. Presha ikipanda, mtu hurudi kwenye lugha ya nyumbani kwao.

"Nikimwanzisha benchi, ananuna"

Kumtoa kwenye watano wa kuanza ni tiba nzuri kuliko sifa yake. Benchi la wapinzani lina walinzi dhaifu, na kikosi chako cha pili kina njaa ya mfungaji. Pale kushuti kwake ndiko kunakohitajika. Vinnie Johnson aliifanyia Detroit Pistons kazi hiyo hadi ubingwa wa 1989 na 1990, na ndiye aliyefunga kikapu cha ushindi cha fainali ya 1990 zikiwa zimebaki sekunde 0.7. Manu Ginobili aliikubali kazi hiyo kule San Antonio, akapata tuzo ya mchezaji bora wa akiba mwaka 2008, na dakika za mwisho za mchezo mgumu alikuwa uwanjani kama kawaida. Hilo la mwisho ndilo la kumwambia kijana wako: utaanza umekaa, utamaliza umesimama. Na ulitimize, la sivyo usimwambie.

Wapo wasioikubali. Iverson alipofika Memphis Grizzlies mwaka 2009, timu ambayo Hasheem Thabeet wetu alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa nayo namba 2 ya drafti, alicheza michezo mitatu akitokea benchi na akaondoka. Mtu aliyewahi kuwa MVP kumeza hilo akiwa na miaka 34 ni vigumu. Kijana wa miaka 17 huwa anaweza, mradi uzungumze naye nyumbani au njiani kabla ya siku ya mchezo, asisome habari hiyo kwenye karatasi ya kikosi mbele ya wenzake.

"Sasa hashuti kabisa"

Hii ni dalili ya dawa kuzidi, na haiko kwenye daftari kwa sababu hakuna cha kuandika. Itazame kwenye miguu ya mlinzi wake. Mwanzoni alikuwa anamlinda kwa magoti yaliyokunjwa na mkono usoni. Ukiona sasa mlinzi amerudi hatua mbili, amesimama wima, anachungulia nyuma kumsaidia mwenzake, umemuua mfungaji wako, na wale wanne uliotaka wafaidike nao wamekosa nafasi, kwa sababu nafasi yao ilikuwa inatokana na hofu juu yake.

Mpangie shuti la kwanza la kila robo: skrini mbili kutoka mstari wa nyuma, anatokea pembeni, anapokea, anaachia bila kudunda. Likikosa, lirudieni. Acha pia kusema neno "pasi" kwa wiki nzima, ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote.

Kijana wangu wa "nimpe nani" alifika huko. Nilikuwa nimemtibu sawasawa, nikajipongeza. Robo ya tatu ya mchezo mmoja, mpira ulizunguka vizuri, kushoto, juu, kulia, ukamkuta kona akiwa peke yake kabisa. Mguu uko tayari, mikono iko tayari. Akaniangalia mimi kwanza.

"Shuti!" nikapiga kelele.

Alipoachia, mlinzi alikuwa ameshafika.